Pipa la Mama Limenyamaza

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, na za wote waliomo humu ndani, hata za paka wa jirani ambaye siku hizi anajiona ni wetu. Nakuombea barua hii ikukute na afya njema, na vidole vyako viwe vimepona. Katika barua yako iliyopita uliandika kwamba dawa za kufulia zimevichubua mpaka kushika kalamu ni kazi. Kwa hiyo kwenye kifurushi hiki nimekufungia kopo la mafuta mazito ya kujipaka. Usimgawie mtu. Nakujua wewe, hujui kujiwekea kitu.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako bado yuko na cherehani yake barazani, na tumbo limeanza kumtangulia. Anajishonea suruali zenye nafasi mbele, kisha anadai kuwa vitambaa vya siku hizi vinarudi vikifuliwa. Watoto wanamwulizia mama mkubwa wao kila barua yako inapofika. Yule wa kwanza anacheka kama wewe, kicheko cha kuinamia magoti, na hakuna aliyemfundisha. Mama akimsikia huacha anachofanya na kumtazama mpaka amalize.

Sasa nikueleze habari za mama, maana najua ndizo unazozitafuta ukifungua bahasha, ingawa huulizi. Mama yupo, anakula, anasema, ulimi wake haujapata kutu. Lakini ule ugonjwa wa sukari niliokuandikia umemfikia vidoleni. Anapatwa na ganzi. Siku moja alishika mfuniko wa sufuria ukiwa wa moto kabisa, akasimama nao akipiga soga na mimi, mpaka nikaona mvuke unamtoka kwenye kiganja. Nesi alimwuliza kazi aliyofanya ujana wake, naye akajibu bila haya kwamba miaka yote ameipika sukari, sasa ni zamu ya sukari kumpika yeye. Nesi hakujua acheke au aandike.

Mimi na mume wangu tukakata shauri kwamba sasa basi, mama asipike tena pombe. Moto, mvuke, ule mpira wa kupitishia mvuke, na mtu asiyesikia vidole vyake, hapana. Mama alinyamaza. Nilidhani amekubali. Nimekaa naye miaka yote hii na bado ananidanganya kwa kunyamaza.

Wiki tatu baadaye nilirudi kutoka sokoni asubuhi nikamkuta uani, kajifunga kanga kifuani, pipa liko juu ya mafiga matatu ya matofali, na pembeni mfuko wa ile sukari ya kufagia. Unaikumbuka? Ile inayomwagika magunia yanapopasuka kwenye stoo ya yule muuza jumla, ambayo yeye huiuza kwa bei ya kuiondoa machoni. Alikuwa ameshaichekecha kutoa nyuzi za magunia na vijiti. Alikuwa pia na ndimu zilizokunjamana za mwisho wa soko, na hamira iliyopitwa na wakati aliyopewa na yule mwokaji mkate wa kona, ambaye hajawahi kumnyima mama kitu tangu tukiwa watoto. Aliniambia kwamba nisifungue mdomo. Alitaka kupika mara moja tu, ajue kama bado yeye ni yeye.

Dada, ningemkatalia vipi? Niliweka kapu chini, nikakunja mikono ya nguo. Alifanya kila kitu kwa utaratibu wake ule ule. Sukari kwenye maji ya moto, koroga mpaka chini ya pipa pasikwaruze. Kamulia ndimu. Konzi ya hamira kuukuu ikachemshwa humo humo, kwa sababu kama anavyosema, hamira hai hula hamira mfu, na sukari peke yake haiishibishi. Nyingine, ile nzima, ikaachwa kwenye kikombe cha bati na maji ya vuguvugu mpaka ikatoa povu. Watu wengine hununua dawa za kulishia hamira, mama huzicheka. Anasema pombe ya mtu masikini haitaki gharama, inataka subira.

Kisha likabaki lile la kungoja maji yapoe, kazi ya nusu siku. Unaijua kanuni: unazamisha kifundo cha mkono, upande wa ndani. Maji yakikuambia ni moto, ngoja. Yakikuambia ni baridi, umechelewa. Unatia hamira yakiwa hayasemi kitu. Sisi tuliijua kanuni hii kabla hatujajua kuhesabu.

Mimi niliitwa barazani na mume wangu kushika kitambaa cha mteja. Niliporudi, mama alikuwa amezamisha mkono, ameutoa, na amekwisha mimina kikombe chote. Aliniambia maji hayasemi kitu. Nikaona mvuke bado unapanda, mwembamba, kwenye jua hauonekani vizuri. Nikaona na mkono wake, umekuwa mwekundu mpaka karibu na kiwiko. Nilijua pale pale. Nikajikaza kisabuni, nikafunika pipa, nikaingiza mpira wake kwenye chupa ya maji, nikalifunga blanketi kama tunavyofanya siku zote.

Siku mbili mama alikaa kwenye kigoda chake mbele ya ile chupa akingoja mapovu. Unajua anavyopenda sauti ile. Pipa likianza kububujika yeye husema limeanza kuongea, na huongea nalo. Safari hii hakuna hata povu moja. Asubuhi ya tatu aliniagiza nilifunue. Maji yalikuwa matamu vile vile, kama shurubati, na hamira imelala chini, imekufa.

Mama aliyaonja, akatema, akaninyanyulia macho, na kuniuliza ni nani aliyeliosha pipa hili. Nikamjibu ni mimi, tulipolitumia mara ya mwisho. Akasema kwa sauti ya chini kwamba basi sikulisuuza, nimeacha sabuni. Akaongeza kwamba mkono usiojua kusuuza haufai kuaminiwa kitu.

Dada, nilikaa chini. Ni maneno yale yale. Miaka kumi na mmoja imepita na alikuwa ameyaweka mahali fulani, mazima, neno kwa neno.

Sasa ngoja nipumue, maana nimefika kwenye jambo ambalo barua hii imeandikwa kwa ajili yake. Nimeanza barua kama hii mara nyingi, nikaichana. Mara moja niliimaliza kabisa, nikaitia kwenye bahasha, kisha nikawashia jiko.

Unakumbuka pombe ya harusi ya binti wa seremala. Pipa lilikuwa geni, lilikuwa la mafuta ya kupikia, na mama alikuachia wewe kazi ya kuliosha kwa sabuni na kulisuuza, kisha akaenda zake kutafuta kuni. Uliosha, ukasuuza, ukachanganya sukari, ukapasha hamira kwenye kikombe. Halafu ukaenda kupanga foleni ya maji bombani, ukaniachia neno moja: nisiguse kitu mpaka urudi. Uliporudi ukakuta nimeshatia hamira. Uliniuliza kama nilipima maji, nikakuapia kwamba nilizamisha mkono na maji hayakusema kitu. Ukanishika kichwa ukasema vizuri, Sisimizi, sasa umekuwa mkubwa.

Sikupima. Sikuzamisha hata kidole. Maji yalikuwa ya moto, mvuke ulinipiga usoni, na mimi nilimimina hamira humo nikafunika haraka nikakimbia. Kwa nini? Kwa sababu yule kijana mwanafunzi wa cherehani alikuwa amesema atapita njia ya kisimani saa nne, na mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na gauni jipya. Basi. Hakuna sababu nyingine kubwa kuliko hiyo, na uso umeniiva ninapoiandika.

Pipa lilipokufa na seremala akaja kupiga kelele mlangoni, mama aliuliza nani aliachiwa kazi, na wewe ukasema ni wewe. Hukunitaja. Akakupiga kofi mbele ya watu, akasema yale maneno ya mkono usiojua kusuuza. Wewe ukageuka ukanitazama mara moja tu. Nami nikatazama vidole vya miguu yangu. Wiki ile ile ukafunga virago.

Nilikaa kimya kwanza kwa woga. Baadaye woga uliisha lakini nilikuwa nimeshazoea. Nililala kwenye kitanda chako, nikawa mimi mkono wa kulia wa mama, nikaolewa na yule yule wa cherehani. Siku ile mimi nilipata mume na wewe ukapata safari. Nampenda mume wangu, dada, ni mtu mwema, lakini sijawahi kuisikia hadithi ya tulivyoonana kwa mara ya kwanza bila kuinuka kwenda kutazama jiko, naye anapenda kuisimulia.

Ningeweza labda kuendelea hivyo, Mungu anisamehe. Lakini mwaka juzi uliniandikia kama utani kwamba huko kwa dobi wanakucheka kwa sababu unasuuza kila shuka mara nne, na mkuu wako analalamikia maji. Ukasema labda mama alikuwa na haki, labda kweli uliacha sabuni mle ndani, huwezi kukumbuka tena. Nilipoyasoma hayo niliingia jikoni nikalia juu ya vitunguu ili watoto wasiniulize. Nilikuwa nimekuachia kofi, na sasa nikaona kuwa nilikuchukulia hata mikono yako.

Basi pale uani, nimekaa chini mbele ya pipa, nilimwambia mama kwamba si sabuni, maji yalikuwa ya moto. Akauliza nimejuaje. Nikapiga moyo konde, nikamwambia kwamba najua hamira iliyouawa na moto inavyokaa, kwa sababu nilishawahi kuiua. Nikamweleza yote, foleni ya maji, gauni, kiapo nilichokuapia. Nilingoja kofi langu. Nililitaka, kwa kweli.

Hakunipiga. Alitazama mkono wake ule uliobabuka, akaugeuza huku na huku kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akauliza, kama maji haya yalikuwa ya moto hivyo, ina maana safari hii ameiua hamira yeye mwenyewe na hajui. Nikamwambia ndiyo. Ndipo akalia, dada. Mama yetu, ambaye hata kwenye msiba wa baba alikaza uso, alilia kwa sauti, na mume wangu akaja mbio na tepu yake shingoni akidhani kuna mtu ameanguka.

Alipotulia aliniambia nikuandikie. Alitafuta maneno muda mrefu, unajua hana mazoea ya kuomba radhi, kila neno alilitoa kama jino. Mwishowe alisema nikuambie kwamba kofi lile halikuwa lako. Nikamwuliza kama kuna neno jingine. Akasema lipo lakini atalisema kwa mdomo wake, akijaliwa.

Tuliyamwaga yale maji matamu, na nyuki wa mtaa mzima wakahamia uani kwetu. Kisha mama akaliosha pipa yeye mwenyewe, akalisuuza, akaligeuza juani. Sukari nyingine imeshachekechwa, iko kwenye mkebe. Hamira mwokaji amesema ipo wakati wowote. Lakini mimi nimekatazwa kugusa. Mama anasema vidole vyake havisikii tena, na mkono wangu amekwisha kuujua, kwa hiyo safari hii maji yatapimwa na mtoto wake mkubwa, na kama mtoto wake mkubwa hataki kuja, basi pipa likae hivyo hivyo limegeuzwa. Kila asubuhi analisogeza kidogo lifuate jua.

Sikuombi unisamehe upesi. Kasirika kwanza, una haki, hata kwa miaka kumi na mmoja mingine. Ukija na hasira zako njoo nazo, nyumba ina nafasi, na kitanda chako nimekitandika. Mimi nitalala na watoto.

Wanakusalimu watoto, anakusalimu shemeji yako, anakusalimu mwokaji wa kona ambaye anauliza kama bado unapenda mkate ulioungua chini. Mama hajasema nikusalimie. Amekaa hapa kando yangu ninapoandika, ananiuliza kila mara nimefika wapi. Jipake hayo mafuta vidoleni, ukifika kazini suuza mashuka mara mbili, inatosha. Lile pipa ulilisuuza vizuri.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na niliyekukosea,

Sisimizi