Spika Pacha za Babu

Kidomo,

Chakula kimo kwenye sufuria, kipashe moto. Usiweke kikombe juu ya spika mpya, gundi haijakauka. ~~Usiziguse kabisa.~~ Ziguse, lakini taratibu.

Asubuhi uliposema zinapiga mluzi, kwamba zile za babu yako zilizoliwa na mchwa hazikulia hivyo, nilikufokea eti huna sikio la muziki. Miezi minne naziiga zile za babu yako, napima, nakata, napiga randa, halafu mtoto niliyemzaa ananiambia hivyo! Ukaondoka hata chai hukunywa.

Ulipotoka nikatega sikio kwenye ile spika ndogo ya juu, ya sauti nyembamba. Kimya. Nikadhani waya umechomoka, mpaka mama yako akapiga kelele toka jikoni: “Zima huo mluzi!”

Basi mluzi upo, mwanangu. Ni mimi nisiyeusikia. Miaka yote ile ya msumeno wa umeme bila kuziba masikio.

Nimekwenda kupimwa masikio. Jioni tutazirekebisha, mimi na bisibisi, wewe na masikio yako. Ukisema sasa zinalia kama za babu, basi zinalia kama za babu.

Baba yako, mbishi