Barua Niliyomficha Baba

Mjukuu wangu Oliva,

Marahaba, salamu zako nimezipata. Sisi huku Kasense tu wazima. Mahindi tumeshavuna, babu yako anakohoa kidogo kwa hii baridi, na kiti chako jikoni hakuna anayekikalia.

Umeniuliza, ningekuwa wewe ningechagua kipi: chuo cha ualimu kinachokulipia kila kitu, au cha uuguzi kinacholipa nusu.

Nilipomaliza shule nami nilipata barua mbili. Ualimu ulikuwa wa bure. Ukunga, kule Tabora, ndio nilioutaka, lakini nyumbani walitakiwa wachangie ada. Baba alikuwa na ng'ombe wawili tu wa kulimia, nikaona haya kumwambia. Barua ya Tabora nikaificha, nikaenda ualimu.

Watoto niliowafundisha niliwapenda. Ila mpaka leo nikipita karibu na wodi ya wazazi nikasikia kichanga kinalia, nasimama.

Miaka mingi baadaye, tukipalilia ulezi, nilimweleza baba habari ya ile barua. Aliweka jembe chini.

"Ningemuuza ng'ombe mmoja," akasema. "Mbona hukuniuliza?"

Akaokota jembe, tukaendelea kupalilia mpaka jioni.

Sijui kama ningekuwa mkunga mzuri. Najua tu kwamba nilimjibia baba swali ambalo sikumuuliza.

Nipigie Jumapili tukitoka misa. Usianze na ada, mama. Anza na unachokitaka.

Bibi yako,
Restituta