Waya wa Kengele Ukutani

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku tu wazima, na nalisema hilo mapema ili usisome yanayofuata kwa hofu: Mama hajaumia. Ila nyumba yake haina umeme tangu Jumapili, na swichi kuu nimeizima mwenyewe. Nimekupigia simu hadi nimechoka, hupokei. Ndiyo maana nimeandika, na dereva wa basi amekubali kukukabidhi mkononi.

Niruhusu nianzie mbali kidogo. Mwalimu hustaafu, lakini domo lake halistaafu.

Ulipokuja likizo ulinikuta sebuleni kwa Mama nikihangaika na spika za marehemu Baba. Nyaya zake zilikuwa zimeoza, nami nikakataa kununua zile nene za dukani zinazong'aa kama mkufu. Nikachukua waya wa kengele ya mlango, ule mwembamba wa bei ya karanga, nikausokota jozi jozi. Ulinicheka, ukasema mzee ameanza ufugaji, maana hizi ni kamba za kufungia kuku. Kisha Dada akajificha nyuma ya pazia akibadilisha nyaya, mara zangu, mara zile nene ulizoazima kwa rafiki yako, nawe umefumba macho kama hakimu mwenye usingizi. Ulipoapa kwamba sasa ndiyo tunasikia waya wa maana, pazia likafunuliwa: kamba ya kuku! Tulicheka mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza tumekula nini.

Nikakueleza, labda kwa raha iliyozidi, kwamba spika zikipigwa kwa sauti ya sebuleni hula umeme kidogo tu, na safari yenyewe ni fupi, kwa hiyo waya mwembamba unatosha. Ni kama kinjia cha miguu: wapita njia wawili watatu hawakiharibu, ila ukipitisha lori, kitabomoka. Hilo la lori sina hakika kama ulilisikia. Ulikuwa umeshainuka kuongeza sauti.

Wiki iliyopita Mama alianza kusema kwamba ukuta wa chumbani kwake una homa. Dada alidhani ni uzee. Jumapili nilipokwenda kumjulia hali, Mama akaushika mkono wangu akauweka ukutani, kando ya kitanda, juu ya soketi anayochomekea hita ya kupashia miguu. Niliuvuta mkono kama aliyeshika sufuria jikoni. Harufu ya plastiki inayoungua ilikuwa ikipenya kwenye plasta. Nikakimbilia swichi kuu, kisha nikamtoa Mama nje, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna.

Tukamwita fundi umeme aliyetandaza nyaya za nyumba hii tangu mwanzo. Dada hakumngoja hata avuke kizingiti. Alimwita muuaji, akamuuliza alitaka tumzike mama yetu au majivu yake, na majirani wote wakasikia. Fundi akagonga plasta ikabomoka. Ndani tukauona waya wa kengele, umelainika kama mshumaa, umeungwa kwenye umeme wa nyumba. Fundi akasema kazi hiyo si yake. Dada akamjibu kwamba mwizi hakosi la kusema. Na usijiulize kwa nini sakiti breka, ile swichi ya kujizima yenyewe waya ukizidiwa, haikukata: iliwekwa kulinda waya mnene, haina habari kwamba mbele yake kuna mwembamba unaoteketea.

Muda wote huo Mama aliketi kimya, akamwacha mtu wa watu atukanwe. Dada alipoondoka ndipo akaniita. Akaniambia ni wewe. Kwamba ulimwona anavyojikokota kwenda kuota hita sebuleni, ukamhurumia, ukasema fundi wa nini, wakati kaka ameshathibitisha kwamba waya huu unatosha. Ukaweka soketi, ukapiga plasta na rangi, naye akakuombea dua. Aliniapisha nisimwambie Dada, asije kitindamimba wake akaogopa kurudi nyumbani.

Kiapo nimekivunja, mdogo wangu, kwa kuwa fundi naye ana jina lake mtaani. Dada amekwenda kumtaka radhi, uso ukiwa chini.

Lakini silo lililoniketisha kuandika. Mama anasema soketi yake ilipokwisha, yeye akianza kupitiwa na usingizi, aliendelea kusikia ukigonga kwingine. Hajui wapi. Bunda la waya wa kengele lilikuwa jipya, nami sikuona hata kipande kilichobaki. Fundi amepapasa kuta zote. Rangi yako ni nzuri mno, haimwonyeshi mtu kitu. Mama naye amekataa kuhamia kwangu. Anasema nyumba ni yake, giza limemchosha, na nikigeuka tu atawasha. Ninalala kitini chini ya swichi kama mlinzi wa benki, na mimi si kijana, usingizi hunichukua.

Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri, usikonde kwa mawazo. Dada anakusalimu pia, kwa maneno ambayo nimeyapunguza. Wasalimie shemeji na watoto. Sina nia ya kukukaripia. Somo nililitoa mimi, na nililitoa kwa mwanafunzi aliyesimama. Usipoteze wino kuniomba msamaha. Dereva anageuza leo hii hii. Mrudishie karatasi hii, umeandika mgongoni mwake ni ukuta upi.

Kaka yako mkubwa,
akupendaye