Hamsini na Nne

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Chini ya kitanda changu kuna kopo la biskuti. Ndani yake nimeficha rauta, kile kisanduku cha kusambaza intaneti, mwaka wa tisa sasa. Hata marehemu mke wangu hakujua ipo. Jana daktari alimvuta binti yangu Gladness pembeni akidhani sisikii — moyo umechoka, labda wiki chache. Basi niandike.

Leo Twahiru amepiga simu. Nilikuwa mkuu wake kitengo cha kompyuta, kwenye ghala la korosho. Kampuni moja ya bandarini inataka kumwajiri, ila wanauliza kwa nini kule alifukuzwa. "Mzee, mabosi wengine wote wametangulia. Umebaki wewe. Niandikie tu kwamba sikuwa mzembe." Barua iwafikie Jumatatu ijayo. Nikamwambia aje Jumamosi.

Jumatano, 13 Novemba

Barua nimeiandika mara tatu, nimeichana mara tatu. "Chanzo cha hitilafu hakikujulikana." Uongo mtupu!

Novemba 2015, msimu umepamba moto. Mke wangu kalazwa Dar es Salaam, nami nataka kumwona uso kila mchana kwenye simu. Ofisini hatukuwa na waifai. Nikaleta rauta ya nyumbani, nikaificha nyuma ya kabati — mimi niliyebandika tangazo la kukataza! Tena waya nikauchomeka tundu lisilo lake.

Kompyuta ikiwashwa haina anwani, yaani namba yake ya mtandaoni. Inauliza mtandao mzima: nani atanipa namba? Anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa. Haulizwi kitambulisho. Siku zote alikuwapo mgawaji mmoja, seva yetu. Sasa wakawa wawili. Waliopewa namba na rauta yangu hawakuiona tena seva, wala mizani ya malori. Mashine hii inafanya kazi, ya jirani imegoma. Kesho kinyume chake. Siku tatu malori yalisimama barabarani. Mvua ikazinyeshea korosho.

Zamani namba hizo nilizigawa mwenyewe, kwa kalamu, kwenye daftari. Mgawo wa kujiendesha aliuleta Twahiru. Wakubwa wakamtwisha yeye lawama, wakamfukuza.

Ijumaa, 15 Novemba

Miguu imevimba. Nimelala kutwa. Gladness kafagia chumbani kwangu, analalamika intaneti haifiki jikoni. Barua bado.

Jumamosi, 16 Novemba

Twahiru amefika saa nne. Shikamoo yake kaitoa kwa mikono miwili. Mvi kichwani! Na hajafika arobaini na tano. Miaka yote hii anabeba mizigo ya watu kivukoni Kilambo.

"Kaka Twahiru, kabla ya chai tutazamie intaneti," Gladness akamwambia. "Tangu jana imekufa."

"Kumbe chai ya hapa ina masharti, dada?" Tukacheka wote watatu.

Kisha akashika simu ya Gladness, akafungua mipangilio. Akauliza humu ndani mna rauta ngapi.

"Mbili. Nyingine nimeiokota jana kwenye kopo la biskuti, chini ya kitanda cha baba. Nikaiunga ili ifike jikoni."

Nilishika mkono wa kiti.

Twahiru akamwonyesha: waya umeingia tundu silo, sasa rauta zote mbili zinagawa namba. Gladness akasema, mbona matundu yote yanafanana! Twahiru alikuwa anasoma mwanzo wa namba kwenye simu, taratibu, 192.168.54. Hiyo hamsini na nne ni mwaka wangu wa kuzaliwa. Niliiweka mwenyewe siku niliyoinunua.

"Mzee," akasema, "namba hii mimi naijua."

Nikasema nifuate barua chumbani. Barua yenyewe haipo. Nimekaa kitandani, naandika hapa. Namsikia Gladness akimkaribisha maandazi. Nasikia hatua zikija huku.

Sasa anabisha mlango. Polepole. "Mzee?"

Siku ya tatu ya mkasa ule aliniletea kikaratasi. Kaandika 192.168.54. Mzee, kuna kifaa kigeni kinagawa namba, unakijua? Nikasema sikijui, niachie nifuatilie. Alipotoka nikachomoa rauta, nikaitia mkobani. Kikaratasi nikakichana. Kamati ya uchunguzi iliponiuliza kama kijana aliripoti chochote, nilijibu: hakuripoti kitu.