Kochi Lisilopanda Basi

Isingiro, Kyerwa

Mama Tumaini,

Najua utatafuta habari za afya kabla ya mengine, kwa hiyo naziweka mbele. Mimi ni mzima. Goti limetulia tangu niache kulala kwenye godoro la chini. Mikono ina michubuko, na sababu yake ndiyo barua yenyewe. Ninyi je, hapo Masasi? Mama mkwe amekubali kupelekwa kuonwa macho, au bado anasema ni vumbi la korosho tu? Mwambie shikamoo yake imo humu. Tumaini ameacha kukohoa? Na lile bati la jikoni linalopigapiga upepo ukivuma, fundi alikuja au bado anaahidi?

Nakuandikia kwa sababu ulinikataza simu. Ulisema kwenye simu naripoti vizuri mno, na maneno yangu hayashikiki. Haya yako kwenye karatasi, unaweza kuyashika.

Nayarudia uliyoniambia siku naondoka, tusije tukabishana baadaye. Ulikuwa mlangoni na ufagio mkononi. Ulisema: "Baba Tumaini, Sumbawanga uliishi na kiti kimoja cha plastiki. Kigoma kiti hichohicho. Babati ulikiacha kwa jirani, ukanunua kingine kama hicho. Unaishi kama mtu anayesubiri basi. Siku ukiwa na kitu cha kukalia kisichoweza kupanda basi, niandikie, nitakuja na mtoto."

Sikujibu. Kazi yangu ni kuuliza, kujibu sikujifunza vizuri.

Nyumba niliyopanga iko kilimani, katikati ya migomba. Kazi ya redio naifanyia Nkwenda, naripoti bei ya kahawa, magari ya ndizi, habari za mpakani, na jioni narudi kwa pikipiki. Ina vyumba viwili na sebule, matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji yenye ufa kutoka mlangoni hadi dirishani. Nilianza na kuta. Nilizipaka chokaa, zikaonekana kama zahanati. Nikazipaka bluu, na kila nikiingia nikajiona niko ndani ya tangi la maji. Nikaikwangua. Mapazia nilishona kwa magunia ya kahawa, kwa mkono, sindano ya gunia. Yanazuia jua vizuri, ila upepo ukiyapiga yanamwaga makapi kitandani. Kabati la vyombo nimeunda kwa mbao za makasha ya sabuni. Mlango wake unajifungua wenyewe kila lori likipita.

Kitanda nimekihamisha mpaka kimemaliza kuta zote na kurudi kilipoanzia. Nikikaa, naona kitu cha kusogeza. Nikikisogeza, naona kingine. Mikono haitulii, Mama Tumaini, na wewe unanijua: mikono ikianza hivi, mara nyingi miguu hufuata.

Jirani yangu anaitwa Mama Odilia. Wazazi wake walitoka Rwanda, yeye alizaliwa hapahapa. Alikuja kuazima panga, akaikuta sebule ina mabaka ya bluu, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Baba, huu ukuta una ugonjwa gani?"

Ndiye aliyenifundisha kuchanganya samadi ya ndama na majivu, kuiviringisha kwa vidole na kuibandika ukutani iwe mistari ya pembe iliyoinuka, kisha ikikauka kuipaka udongo mweupe, mwekundu, na weusi wa masizi. Nyumbani kwao ndivyo walivyopamba. Mistari yake imenyooka kama imepigwa rula. Yangu inapanda mlima. Alisema niiache hivyohivyo, wageni wajue ni kazi ya mwanamume. Harufu iliisha ilipokauka, usiogope.

Kilichobaki kilikuwa cha kukalia.

Nyuma ya jiko la Mzee Bitegeko, boma la chini yangu, palikuwa na mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe. Wenyewe huuita obwato: gogo zima lililochongwa ndani, refu kuliko mimi nikilala, zito kiasi kwamba vijana sita waliubeba wakilaumiana. Kuku walikuwa wakiatamia humo. Mzee mwenyewe alikuwa Nyabiyonza kwa binti yake, akitibiwa nyonga, na tangu aondoke hakuna aliyekamua. Mwanawe Deo aliniona nikiizunguka ile obwato.

"Unaitaka, kaka?"

"Mzee atasema nini?"

"Mzee anajua. Hii sasa ni ya kuku tu."

Nililipa. Miaka yote hii nimewafundisha waandishi wadogo kwamba habari ya mtu mmoja si habari, itafutie mtu wa pili. Siku hiyo sikumtafuta wa pili, kwa sababu nilikwisha kuiona obwato ikiwa sebuleni na wewe umekaa juu yake.

Niliiosha, nikaipiga msasa ndani na nje mpaka mti ukatoa rangi ya asali. Nikaipiga vanishi, ikakauka, nikarudia. Nikaiweka juu ya matofali, nikakata mbao za kukalia, nikaweka sponji na kuishonea kitenge cha kijani. Lilikuwa kochi zuri. Nasema hivyo bila kujisifu, nimeona makochi mabaya mengi katika ofisi za wilaya.

Mama Odilia alipoliona hakucheka.

"Deo ndiye amekuuzia?"

"Ndiye. Alisema Mzee anajua."

"Deo," akasema. Akaondoka.

Mzee Bitegeko alirudi wiki iliyofuata, anatembea kwa fimbo. Mjukuu wake alikuwa anaolewa, na ndizi za pombe zilikuwa zimekwisha kufukiwa shimoni ziive. Alifika kwangu asubuhi, Mama Odilia nyuma yake. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kochi kabla sijamkaribisha. Akainua sponji na ubao wa chini yake. Akapitisha kiganja ndani ya mti, akakinusa.

"Mwandishi, umepaka nini humu?"

"Vanishi, Mzee."

"Hiyo ya milango?"

"Hiyohiyo."

Akamgeukia Mama Odilia. "Waitu, jamani, ameipamba obwato kama bibi harusi. Sasa bibi harusi mwenyewe hana pombe."

Nilisema nitanunua mapipa mapya ya plastiki, hata leo, Nkwenda yapo. Akaniangalia kwa huruma.

"Pombe ya pipa ni ya kuuza. Wakwe wakija watauliza lubisi hii imetoka obwato ya nani. Nitawajibu imetoka dukani? Obwato ya kilima hiki ni moja. Baba yangu aliozeshea hiyo. Mimi nilioa kwa hiyo. Ndizi zitaiva keshokutwa, na vanishi yako iko ndani. Utainywa wewe kwanza?"

Nilimwomba Mhariri ruhusa, nikasema nina dharura ya nyumbani. Aliuliza nyumbani wapi. Nikasema hapa. Sijawahi kumjibu hivyo.

Tuliitoa nje. Nilikwangua kwa vipande vya chupa, kwa sababu msasa ulijaa vanishi ukateleza. Mama Odilia akaleta majani makavu ya mgomba, tukayachoma ndani kidogokidogo, tukakwangua mti ulipobabuka, tukasugua kwa majivu na maji ya moto, tukarudia. Deo aliletwa na baba yake akae mbele yangu akwangue upande wake. Hakuthubutu kuinua kichwa.

"Si ulisema ni ya kuku?" Mama Odilia akamwambia. "Kwangua basi, kuku wanasubiri."

Kisha tukakamua ndizi kidogo za kutupa, kuijaribu. Mzee akachota kwa kibuyu, akaonja, akatema.

"Milango."

Tukachoma tena, tukasugua tena, tukakamua tena. Akaonja, akatema tena. Mara ya tatu aliizungusha mdomoni muda mrefu. Nimesubiri matokeo ya uchaguzi nikiwa nimetulia kuliko nilivyomsubiri yule mzee ameze.

Akameza. "Kuna mjini kidogo," akasema. "Itakwenda."

Ndizi zikafukuliwa. Vijana wakazikanda kwa nyasi, maji yakachujwa, mtama uliokaangwa ukamiminwa, obwato ikafunikwa kwa majani ya mgomba iumuke. Siku ya harusi wakwe walikunywa. Mchungaji alikunywa ile ambayo haijachacha, au alisema hivyo. Nilikaa nyuma, nikimhesabu kila aliyekunja uso, na hakukuwa na mtu. Halafu mjomba wa bwana harusi, mtu mnene mwenye sauti, akainua kibuyu chake.

"Hii nzuri. Obwato ya nani?"

Nilimsubiri Mzee aseme ni yake. Akaninyooshea fimbo. "Ya huyu."

Watu wakageuka. Nikasema hapana, nitairudisha kesho, Deo alikosea na mimi nilikosea zaidi. Mzee akatikisa kichwa.

"Mwanangu ameuza, amekula, mimi sichukui mara ya pili. Ni yako. Ila sikiliza vizuri, wewe mtu wa redio. Mwenye obwato hana safari za kushtukiza. Msiba ukitokea, watu huja kwake. Harusi, huja kwake. Hawapigi simu. Wanasema hodi, wanabeba. Waliokuwa na nyumba yako kabla yako walihama, na waliowatangulia pia. Wewe utakuwepo?"

Mama Tumaini, hilo ni swali la moja kwa moja. Naijua namna ya kulikwepa, nimewasikiliza wakuu wengi wakikwepa ya aina hiyo mbele ya kipaza sauti changu. Ningesema itategemea ofisi. Na ingekuwa kweli, maana Mhariri alikwisha kudokeza kwamba msimu wa kahawa ukiisha ananitaka tena Sumbawanga, na sitakuficha kwamba alipodokeza miguu iliniwasha.

Kilima kizima kilikuwa kinaningoja. Nikasema, "Nitakuwepo."

"Na mke?" Mama Odilia akadakia, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wapishi. "Au obwato itakuwa inalindwa na kiti cha plastiki?" Wakacheka. Kiti wamekiona wote, kipo barazani.

Nikasema mke nitamwandikia. Jumatatu nikampigia Mhariri, nikamwambia Sumbawanga siendi. Akasema tutaona. Nikamwambia mimi nimekwisha kuona. Hajanijibu. Anaweza kukubali, anaweza kuniachisha. Sijui, na siandiki nisichokijua. Nikiachishwa, redio zipo nyingine, na Nkwenda ipo palepale. Miguu bado inawasha. Jana nilikihamisha kitanda tena.

Hali ya nyumba ni hii. Kuta zimekauka. Kabati bado linajifungua. Kochi lipo, limerudi kwenye matofali yake, bila vanishi, na sasa mti una rangi ya moshi. Linanuka lubisi, halitaacha kunuka, na mama mkwe ataona kama nimehamia kilabuni. Mueleze mapema. Zaidi ya hapo, kuna siku utaingia na kukuta sebule haina kochi, kwa sababu lipo kwa watu likifanya kazi yake. Siku hizo tutakaa kwenye mkeka. Lakini basi haliwezi kulibeba, na mimi nimeahidi mbele ya watu ambao hawataniacha nisahau. Ulitaka kiti kisichopanda basi na mume asiyelisubiri. Sasa ni zamu yako kujibu, na ukitaka kunijibu hapana, andika hapana, usinizungushe kama nilivyokuzungusha.

Msalimie mama mkwe, na dada yako anayeuza vitenge sokoni, mwambie kijani chake kimenifaa. Msalimie mdogo wangu fundi baiskeli, aliangalie lile bati kama fundi mwingine hakuja. Mpe Tumaini habari kwamba hapa kuna ndama, na ndama huyo ndiye aliyetupatia ukuta.

Nilikuwa na mengine, lakini kuna hodi. Ni vijana wa ng'ambo ya bonde, bibi yao amefariki asubuhi, wamekuja kuchukua obwato. Nimeinuka. Wamekwisha kutoa sponji, wanabishana nani ashike upande mzito. Namalizia nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya kabati, na mlango wa kabati unanipiga kiwiko.

Nipo hapa.

Baba Tumaini