Siku Tatu za Kumfuata Kamla

Nong Saeng, Ubon
8 Januari 1996

Mwanangu Wilai,

Salamu zikukute hapo kwenye cherehani yako. Huku tu wazima, ila goti langu la kulia linagoma asubuhi, na baba yako mdogo Thongdi anakohoa na sigara haachi. Wewe je, macho hayakuumi kwa kushona?

Nimeamua kuja Bangkok. Siku tatu tu. Mpunga umeshaingia ghalani, nimebaki kuzungukazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nina miaka hamsini na minane na huko sijawahi kukanyaga. Niambie nipande treni gani, nishukie wapi, nivae nini.

Mama yako


Bangkok
17 Januari 1996

Shikamoo Mama,

Mimi sijambo, macho yangu mazima. Barua yako imenifurahisha mpaka wenzangu kiwandani wameniuliza kama nimeposwa.

Panda treni ya asubuhi, ukae upande wa kulia jua lisikuchome. Shuka kituo cha mwisho. Mtu asiyekujua akikuita shangazi, usimfuate. Nitakuwa chini ya saa kubwa. Siku ya kwanza tutakwenda hekalu la Buddha aliyelala, ya pili tutapanda mashua mtoni, ya tatu nitakupeleka madukani kwenye ngazi zinazopanda zenyewe.

Tafadhali usilete samaki wa kuchachusha. Mwenye nyumba alishanifokea kwa ile harufu.

Mwanao, Wilai


Nong Saeng
27 Januari 1996

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Goti ni lilelile.

Hekalu tunalo. Mto tunao. Samaki naleta.

Nataka unipeleke mahali alipoangukia mdogo wako Kamla. Mwili tuliletewa, tukauchoma kwa heshima, mwezi wa tatu inatimia miaka miwili. Lakini mtawa mzee wa hekaluni ameniambia kwamba aliyekufa ghafla hajui njia. Anabaki palepale mpaka wa kwao amfuate na kumwita kwa jina. Mwezi huu nimemwota Kamla mara tatu, amevaa kofia ya ujenzi, ananiuliza, "Mama, saa ya kutoka bado?" Nikiamka sikai wala sisimami.

Jengo liko wapi? Nenda ukaulize kama wataturuhusu.

Mama yako


Bangkok
9 Februari 1996

Shikamoo Mama,

Habari za goti? Nilikwenda. Jengo limekwisha, sasa ni hoteli. Mlinzi amekataa. Afadhali tuahirishe safari.

Mwanao, Wilai


Nong Saeng
15 Februari 1996

Wilai,

Mlinzi alisema nini hasa? Ni mzee au kijana? Ukuta una rangi gani? Tangu ukiwa mdogo, ukidanganya unasema maneno machache.

Mama yako


Bangkok
24 Februari 1996

Mama,

Shikamoo. Hakuna mlinzi. Kwamba ni hoteli nimesikia kwa watu tu.

Miaka miwili napanda basi la kwenda kule, nashuka kituo kimoja kabla, nanunua kitu nisichokitaka, narudi. Chumbani nina miavuli mitano. Mimi ndiye niliyemwandikia aje. Niliandika, "Njoo, kazi ipo, msimamizi ni mtu wa kwetu." Alifanya kazi miezi minne. Ukija utaniona uso, na mimi sijui niuweke wapi.

Wilai


Nong Saeng
1 Machi 1996

Mwanangu,

Tiketi nimeshakata. Nafika Ijumaa, tarehe 8. Uje na huo uso huohuo.

Mama yako


Nong Saeng
14 Machi 1996

Mwanangu Wilai,

Nimefika salama, goti limevimba lakini linatembea. Thongdi anakushukuru kwa dawa ya kifua. Natumaini umerudi kazini na umekula.

Ulipobaki ng'ambo ya barabara umejishika mikono, sikukulaumu. Nilipotoka hotelini hukuniuliza neno, wala mimi sikusema. Sasa nasema.

Mlinzi yupo, kijana mnene, kwenye lango la pembeni. Akaniambia kwa Kithai cha mjini, "Bibi, wageni wanapita mlango wa mbele."

Nikamjibu kwa lugha yetu kwamba mimi si mgeni, mimi ni mama wa mtu aliyefia hapa.

Akakitazama kikapu changu. "Mama, humo kuna samaki wa Ubon," akasema, naye sasa kwa lugha yetu. Kumbe ni wa Roi Et, jirani zetu.

"Pua yako bado haijahamia mjini," nikamwambia.

Akacheka kidogo, kisha akavua kofia. Akanizungusha nyuma, kwenye ua wa jikoni. Akasema wafanyakazi wa zamani husema aliangukia hapo. Nikawasha ubani, nikaweka wali na lile shati lake la buluu. Nikasema, "Kamla, kazi imekwisha. Saa ya kutoka imefika. Twende nyumbani." Wapishi wawili walisimama mlangoni na miko mikononi. Hakuna aliyetufukuza.

Kwenye treni nilimpa Kamla kiti cha dirishani. Kila daraja nilimwambia, mwanangu, tunavuka mto, usibaki nyuma. Mwanamke mmoja aliyepandia Korat akakitaka kile kiti. Nikamwambia kina mtu. Akakitazama, akanitazama, akaweka mzigo wake sakafuni akaukalia.

Kuna jambo ambalo siku tatu zote lilinikaa mdomoni. Barua yako Kamla aliisoma, akaikunja, akasema haendi, anabaki na nyati wake wa kulimia. Aliyemwambia aende ni mimi. Nilimwambia mwanamume mzima hakai nyumbani kama gunia. Begi nililifunga kwa mikono yangu. Na watu walipouliza nani alimpeleka Bangkok, nilitaja jina lako. Miaka miwili nimelitaja.

Usiponijibu nitaelewa.

Mama yako


Bangkok
25 Machi 1996

Shikamoo Mama,

Mwili wangu mzima. Barua yako nimeisoma mara nne. Siku ya kwanza nilishona mikono ya mashati arobaini nje ndani, msimamizi akaniuliza kama nimelewa.

Nimekukasirikia, Mama. Miaka miwili nimeogopa kuja nyumbani kwa ajili ya macho ya watu, kumbe macho hayo ni wewe uliyenigeuzia. Sijui hasira hii itakaa siku ngapi. Ila humu chumbani siwezi kukaa nayo peke yangu, nazunguka mpaka jirani wa chini anagonga dari.

Nimeomba ruhusa ya mwaka mpya wetu wa jadi. Nafika Ubon tarehe 12 Aprili. Nitandikie mkeka chumbani kwa Kamla. Usimwambie lolote kwa niaba yangu, yangu nitamwambia mwenyewe. Kisha mimi na wewe tutakaa uani, na asiinuke mtu mpaka tumalize.

Mwanao, Wilai