Dawa Tatu Juu ya Kunyoa Ndevu

Sephora, Guelord,

Chakula yenu, bukari na sombe, biko mu sufuria. Papa yenu mumupe uji ya bila sukari, juu kutafuna kunamuuma. Kila saa mumuamushe, mumuulize jina yangu.

Leo asubui nilimukuta anapatia frigo ya jikoni mukono: "Bonjour, beau-père!", sawa vile ni baba mukwe wake. Kumbe alimeza dawa tatu za mushipa ya sura mara moja! Oncle Paulin wa Kipushi iko na maumivu ile ile, ye anamezaka tatu. Lakini Paulin hana ugonjwa ya sukari. Docteur alituelezea muzuri: sukari imechokesha figo za Papa, dawa inakawia mu mwili, njo maana anameza moja tu. Papa alikuwa anakubali na kichwa sawa vile ye njo alimufundisha docteur.

Nilimuuliza: tatu ya nini? Asema Jumamosi ni dot, mahari ya dada yenu mukubwa Lydie, na wembe ikigusa sura, maumivu inamupiga sawa courant ya umeme. Alitaka kunyoa, bakwe bamukute laini.

~~Guelord, umunyoe polepole akilala.~~ Hapana, acha. Bakwe banakuja kuoa Lydie, habakuje kuoa ndevu.

Docteur alipita, asema kuchanganyikiwa itaisha akilala. Naenda soko. Akitafuta dawa, ziko mu sac yangu ya soko; aende kumuomba beau-père wake. Akisema miye njo frigo, munipigie simu mbio.

Mama yenu, Régine
(jina njo hii, musimusaidie)